Niliua Chama Kizima kwa Alama Moja

Kosa ni langu. Siisingizii kompyuta; ilifanya kile nilichoiambia, na balaa liko hapo hapo.

Nilikuwa nasoma kuandika programu za kompyuta jioni, baada ya kazi ya ghala kule Anderlecht. Wiki ya tatu tukafundishwa masharti: kama jambo hili ni kweli, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Basi, nikajiona profesa.

Chama chetu cha Wakongo wa Kivu hapa Bruxelles, Ubelgiji, hutuma salamu za mwaka mpya. Katibu wetu, maman mmoja wa mtaa wa Schaerbeek, alikuwa akiziandika moja moja kwenye simu. Ni yeye aliyenipokea nilipofika nchi hii, akanilisha sombe, yale majani ya muhogo, mpaka nikapata chumba. Nikamwambia, kwa ule unyenyekevu wa wanafunzi wa wiki tatu, kwamba mambo yake ni ya kizamani. Programu yangu ingemwangalia kila mwanachama: kama ni marehemu, familia ipate ujumbe wa pole, la sivyo, apate heri ya mwaka.

Dada mmoja Mtanzania niliyesoma naye alinisihi nijaribu kwanza kwa namba yangu mwenyewe. Nikamjibu kwamba kujaribu ni kwa wasiojiamini.

Bon, kwa wasiojua: katika lugha tuliyofundishwa, alama mbili za sawa (==) zinauliza kama jambo ni kweli, alama moja (=) inaamuru liwe kweli. Mimi niliandika moja. Donc, kwa hiyo, programu haikuuliza nani amekufa. Iliwaamuru wote wafe, kisha ikatuma rambirambi kwa adabu kabisa, na jina la kila marehemu mpya.

Wengi walicheka. Tonton mmoja, mzee wa chama, alinipigia kuuliza mazishi yake ni saa ngapi, asije akachelewa. Nami nikacheka, mjinga mie.

Lakini mume wa yule maman alikuwa amelazwa hospitali, mgonjwa sana, na namba yake kwenye chama ilikuwa ya mkewe. Ujumbe ulimkuta maman ndani ya tram, akienda kumwona. Alidhani chama kimepata habari kabla yake. Watu wasiomjua wakamketisha. Alifika hospitali analia kwa sauti, akamkuta papa, mumewe, ameketi anakunywa supu.

Niliwafuata huko nikiwa nimejiandaa kueleza mambo ya alama ya sawa. Ndiyo, nilikwenda kutoa somo.

Maman hakunigombeza. Alisema tu, "Nimelia bwana yangu na iko muzima. Siku atakufa kweli, machozi nitatoa wapi?"

Papa alifariki kabla ya Pasaka. Nilikwenda matangani, nikapanga foleni na wengine kumpa maman mkono. Zamu yangu ilipofika, nikafungua mdomo. Akaurudisha mkono wake kwenye mapaja.

"Wewe, pole yako ulisha kuituma."

Akamwangalia aliyekuwa nyuma yangu. Tangu siku hiyo hatujasemezana.

Wewe unayeanza programu wiki hii, hongera, najua tayari unajua kila kitu. Kabla hujawatumia watu, jitumie mwenyewe. Soma kwanza tangazo la kifo chako, uone kama linachekesha.