Picha ya Baba Ukurasa wa Mwisho

Juzi nilimwona baba kwenye simu, akihutubia bunge huko Nairobi, na papo hapo nikasikia harufu ya gundi.

Zamani alichapisha gazeti dogo la Wakenya wa London, akilipanga kwa mkasi na gundi juu ya meza yetu ya chakula, Lewisham. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa matanga: kila aliyefariki ugenini alitokea pale, amevaa tai, anatabasamu. Alasiri moja nikiwa bado mtoto, mvua ikigonga dirisha taratibu, nilimkuta akibandika pale picha yake mwenyewe. Nikaangua kilio.

"Mama, nani amekupiga?" baba akaniuliza; ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye.

"Usife," nilimjibu, kwa Kiingereza kama kawaida yangu.

Alicheka mpaka mkasi ukamponyoka. "Hii si ya matanga. Naenda nyumbani kuomba kura."

Mama akadakia kutoka jikoni, "Mheshimiwa, hata kampeni hujaanza, ushaliza watu!"

Nikatulia, nikasinzia mapajani mwa baba nikisikiliza mkasi ukikata karatasi.

Alishinda, na hakurudi kuishi nasi tena. Meza ikabaki tupu, tukaanza kulia chakula pale. Mpaka leo najiuliza kama kweli nililia bure.