Kura Nyingi Kuliko Zote

Wiki iliyopita nilikuwa kwa fundi cherehani sokoni Mwanga, nikisubiri suruali yangu, redio ilipotangaza kwamba rais mpya wa nchi jirani amepata kura nyingi kuliko mgombea yeyote tangu nchi hiyo ipate uhuru.

Kando yangu walikaa mume na mke, wakimbizi kutoka huko huko, waliokuja kuagiza sare za shule za watoto wao. Mume alisimama, akamwambia fundi, "Ziache, mzee. Tunarudi nyumbani. Mtu aliyechaguliwa na wengi hivyo, nani atamgusa?"

Fundi akampa mkono wa pongezi. Mke hakuinuka. Aliuliza taratibu, "Na aliyeshindwa amepata ngapi?"

Redio ikaendelea. Aliyeshindwa naye alikuwa amepata kura nyingi kuliko aliyeshinda uchaguzi uliopita.

"Basi wenye hasira nao hawajawahi kuwa wengi hivi," mama yule alisema, kiganja kifuani. "Na ndio majirani zetu."

Mume aliketi tena. Kisha akamwambia fundi azishone sare.

Sisi wa magazetini tunaipenda sana hiyo "kuliko zote". Lakini watu wanazaliwa, watoto wa juzi leo wanapiga kura, na hesabu hupanda kwa pande zote mbili.

Fundi ananiambia kwamba mume yule sasa huja kila asubuhi kusikiliza redio pale kwake, na haulizi tena habari za mshindi, bali za aliyeshindwa.