Mama Alivyowasifia Ng'ombe

Ilianza Alhamisi, saa tisa alasiri, mvua ilipodondoka kwenye vumbi la uwanja wetu huko Zagayu na harufu yake ikaingia hadi jikoni. Mpaka leo, nikiwa kidato cha tatu Bariadi, harufu hiyo ikipita dirishani mwa darasa kalamu yangu inasimama yenyewe. Mwalimu wa hesabu anadhani nasinzia. Sisinzii. Niko shambani na mama.

Nilikuwa darasa la nne. Mvua ilikuwa imechelewa mpaka watu wakaacha kuizungumzia, kama wanavyoacha kumtaja ndugu aliyehama bila kuaga. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga: ukiloa unang'ang'ania miguu, ukikauka unakuwa jiwe, na katikati ya hapo kuna siku chache tu za kulima. Ukizikosa, mwaka huo unanunua mahindi, na sisi hatukuwa na cha kununulia.

Baba naye alikuwa ameanguka na baiskeli akitoka mnadani, mguu umefungwa plasta. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akishika kamba ya ng'ombe, alikuwa ameanza sekondari ya bweni. Tukabaki mama, mimi na maksai wawili: Tajiri, mwekundu, mwenye haraka, na Diwani, mnene, aliyesimama kila baada ya hatua chache kama anayesubiri kupigiwa makofi. Jina hilo alimpa baba.

Ijumaa sikwenda shule. Mama alijifunga kitenge kiunoni akashika plau, mimi nikapewa kamba mbele. Mwanamke kushika plau ilikuwa kioja. Jirani mmoja alipunguza baiskeli barabarani, akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu! Leo mwanaume wa humu yuko wapi?"

"Mwangaluka! Yuko ndani anaatamia. Akiangua nitakuita uchague kifaranga!"

Jirani alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Baba naye tulimsikia akicheka kule ndani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Niwaambie ukweli: aibu ndiyo ilikuwa ugonjwa wangu. Na mshika kamba kwetu hanyamazi. Anawaita ng'ombe, anawasifia, anawaimbia, na ng'ombe waliozoea sifa hawaendi bila sifa. Kaka alikuwa na mdomo huo. Mimi hata darasani, nikiitwa jina, naitikia kwa kunyoosha kidole.

Jua lilipofika utosini Diwani akalala. Sisemi alisimama, alilala kabisa, plau ikiwa udongoni. Tajiri akavutwa shingo, akageuza macho kunitazama mimi.

"Msemeshe," mama akasema.

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Mwambie ni mzuri."

Nikamwambia Diwani ni mzuri, kwa sauti ambayo hata nzi wa sikioni mwake hakuisikia. Kisha nikatazama shamba lililobaki, jua likilinyonya maji huku naona, nikaketi kwenye tope nikalia.

Mama hakunibembeleza. Nyumbani kwetu mtoto hasifiwi usoni, wanaogopa atavimba kichwa. Alipangusa jasho, akaanza kuimba kutoka kule nyuma kwenye plau, Kisukuma kitupu. Nyanyuka, mwenye shingo isiyoshuka. Nyanyuka, uliyeamka gizani ukachota maji bila kutumwa. Mwenye miguu myembamba inayokanyaga tope bila kununa, ningelima na nani leo kama si wewe?

Diwani akapepesa masikio, akanyanyuka, matako kwanza. Mimi pia nikanyanyuka, kwa sababu kamba ilinivuta. Tukalima mpaka jioni, mama akiimba, mimi nikiwaonea wivu ng'ombe kwa maneno matamu namna ile. Nusu ya shamba ikabaki. Tuliimaliza kesho yake, na mwaka ule hatukununua mahindi.

Mwaka jana, wiki ya mitihani, nilikuwa nafua sare bwenini. Nilikuwa nimechoka mpaka nimeanza kufikiria kurudi nyumbani na kusema basi. Nikajikuta naimba ule wimbo kwa chini chini. Nilipofika kwenye miguu myembamba nikaacha kufua. Miguu ya Diwani ilikuwa kama vinu! Na ni ng'ombe gani aliyewahi kuchota maji? Nilisimama na povu mikononi, nacheka.

"We, umepatwa na nini?" mwenzangu akauliza. Ningeanzia wapi? Mama hakuniambia jitahidi hata mara moja siku ile. Alinitajia tu niliyokwisha kuyafanya asubuhi, mgongo wangu ukiwa umemwelekea, ili wote wawili tusione aibu. Nikamalizia kufua, nikarudi kusoma.

Lakini Jumamosi ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba shamba lilibaki na udongo ulikuwa bado laini. Nikatangulia zizini kabla mama hajatoka, nikaondoa miti ya lango, nikashika kamba. Barabarani wanawake walikuwa wanapita na kuku zao kwenda mnadani. Nikasubiri wapite kwanza. Hawakwisha. Basi nikafumba macho, nikamwambia Diwani kwa sauti yangu yote kwamba Zagayu nzima haina pembe kama zake.