Kamba ya Ndama

Simu ya mama yake kutoka Kilolo ilimkuta Evarista maabara, kwenye chuo anachofundishia Mbeya. "Nakamua ng'ombe, mama. Nikimaliza nitakupigia." Hakupiga. Wala hakuwa amedanganya, maana walimu wa fizikia kile kichupa cha sesiamu, madini yenye mionzi, wanakiita ng'ombe. Unapitisha maji ya chumvi yenye tindikali, inadondoka bariamu iliyojaa nguvu ya ziada, nawe uipime upesi kabla haijatulia.

Kueleza yote hayo aliona taabu. Mwaka mzima akajibu hivyo hivyo: anakamua, atapiga. Mama akatoa shukrani kanisani kwamba binti yake ana ng'ombe.

Juzi mama akateremka Ilomba, nyumbani kwa Evarista, na kamba mpya ya katani aliyoisokota mwenyewe. Kwao ndama wa kwanza wa ng'ombe wa mtoto ni wa mzazi.

Evarista aliiangalia ile kamba, akatamani ardhi ipasuke. Akampeleka mama maabara, akakamua mbele yake. Kipimo cha mionzi kikalia kama mvua ya mawe juu ya bati, kikapungua, kikabaki kutoa mlio mmoja mmoja.

"Ndiyo imeisha?" mama akauliza.

"Imeisha, mama. Ni dakika chache tu."

Mama akaiviringa kamba yake taratibu, duara juu ya duara.

"Basi sawa, mwanangu. Mimi nilidhani kukamua ndiko kunakokuchelewesha kupiga."