Siti ya Ngozi Kutoka Manyovu

Kwa miaka mitatu nilifundisha hesabu nikiwa nimesimama. Wanafunzi walidhani ni ukali, nami niliwaacha wadhani hivyo, maana mwalimu mkali anaogopwa, lakini mwalimu mwenye makalio yanayouma anachekwa tu. Kutoka nyumbani kwangu Kasulu mjini hadi shuleni ni kilomita kumi na moja za vumbi na makorongo, na kila asubuhi nilizikata juu ya baiskeli yenye siti ya plastiki ambayo sponji yake ilishakufa. Nikifika nilishuka taratibu, mguu mmoja kwanza, huku nimekaza meno na kujifanya natafuta kitu mfukoni.

Walimu wenzangu wote wana pikipiki. Mimi pikipiki iliniangusha mara moja, ikanilalia mguuni huku injini bado inanguruma, nikaapa kwamba sisi wawili basi. Mwalimu mkuu akaniuliza ofisini, mbele ya wote, kama nasubiri kustaafu ndipo ninunue chombo cha maana. Walicheka mpaka chai ikapoa. Mimi si mtu wa kusahau neno la namna ile. Niliamua kwamba kama ni baiskeli basi ni baiskeli, lakini nitaikalia kama bwana.

Fundi wangu alikuwa na kibanda cha bati nyuma ya soko la Kasulu. Aliingia nchini kutoka Burundi akiwa kijana, akapata uraia, na kila kifaa kigumu kupatikana alikipata yeye, kwa watu wake wa Manyovu, mpakani. Nilimweleza shida yangu kwa sauti ya chini. Yeye akajibu kwa sauti ya kawaida, soko zima likasikia.

"Mwalimu, unataka kukaa au unataka kupendeza?"

"Yote mawili."

"Basi ni ngozi."

Baada ya wiki mbili aliniwekea mezani siti ya ngozi ya kahawia, yenye springi mbili nyuma na vifungo vya shaba vinavyong'aa. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliona haya kuishika kwa mikono yenye chaki. Nikaigonga kwa kidole ikalia ko, ko, kama mlango.

"Hii bado haijui mtu," fundi alisema. "Lazima ikaliwe mwaka mzima, mifupa yako ijichimbie mashimo yake mawili. Baada ya hapo utakaa humo mpaka uzeeke. Lakini huo mwaka, yoo, mwalimu, utaukumbuka."

Nikamwambia sina mwaka mwingine wa kuumia, mitatu imenitosha. Hapo ndipo akasema lile neno, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

"Kwetu zamani mwenye nafasi alimpa mtu mwingine aikalie kwanza. Ila lazima awe na nyonga kama zako, la sivyo atakuharibia."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa tayari namfikiria mdogo wangu.

Mdogo wangu na mimi tumepishana miaka minne. Mimi ndiye niliyesomeshwa. Yeye alibaki kijijini kwetu, upande wa Kibondo, akawatunza wazee mpaka tukawazika, na akaishi kwa kusomba ndizi kuzipeleka soko la Kibondo, mara kwa kichwa, mara kwa baiskeli ya kuazima. Kitu kimoja tu alikitaka duniani, wala hakukificha: baiskeli yake mwenyewe. Na baiskeli ilikuwepo. Ilikuwa ya marehemu baba. Niliichukua mimi siku ya kuanua matanga, kwa haki ya ukubwa, nikaiweka stoo Kasulu, ikakaa humo na magunia matupu. Sikuihitaji. Sikutaka tu iwe ya mwingine.

Desemba ile alikuja kunisalimia, amebeba maharage na mkungu wa ndizi. Kesho yake nikampeleka kwa fundi. Fundi alimwaga maji ya beseni lake la kutafutia pancha, akalijaza udongo wa mfinyanzi, akatandaza nailoni juu. Nikakaa mimi kwanza, nikainuka, yakabaki mashimo mawili. Akayapima kwa spoku ya gurudumu na kuikunja pale kipimo kilipoishia. Kisha akausawazisha udongo, akakaa mdogo wangu. Wauza dagaa walishaacha meza zao kuja kutazama. Fundi akaiweka spoku ileile juu ya mashimo, ikaingia barabara. Watu wakapiga makofi.

"Kaka, hata huku tumefanana!" mdogo wangu alisema, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Nikamweleza mapatano yangu. Nitampa baiskeli ya baba, nitaifunga siti mpya, ataiendesha mwaka mzima kwenye kazi zake. Mwaka ukiisha, siti yangu, baiskeli yake. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuuliza kitu. Nikakata karatasi kwenye daftari nikamwandikia masharti, maana mimi ni mwalimu: siti ikaliwe kila siku, isinyeshewe, ipakwe samli kila Jumapili, na kamwe isiguswe na mawese, kwani fundi alisema mawese yanaifanya ngozi kuwa tambara, tena isiwekewe kitambaa wala mto, ngozi lazima iujue mfupa. Nikamwambia asaini. Akasaini polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

Likizo ya Juni nilienda kijijini. Alinipokea kwa furaha, akanionyesha jinsi alivyoiosha baiskeli, akanihesabia wateja wake wa Kibondo. Chakula kilipoletwa alikula amesimama, ameegemea mlango, akasema amekaa mno njiani. Nikatoka nje kunawa, mkewe akanifuata.

"Shemeji, mdogo wako halali chali siku hizi. Nilimshonea kitambaa cha siti, amekitoa. Anasema umekataza."

"Ngozi mpya ndivyo ilivyo," nikamjibu. "Itazoea."

Aliniangalia. Nadhani alisubiri niseme neno jingine. Nikajifuta mikono nikarudi ndani, na nikaongeza nyama.

Desemba mwaka uliisha, nikaenda kuchukua changu. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, inang'aa. Majirani walikuwepo kwa sababu mdogo wangu aliwaalika. Kwake ilikuwa siku ya kukabidhiwa baiskeli, na alikuwa amevaa shati jeupe. Niliinama kuitazama siti, na damu ikanipanda kichwani. Shimo la kushoto lilikuwa limezama sana. La kulia halikuwepo kabisa, ngozi ya upande ule ilikuwa imevimba kama mgongo wa mkate, na juu yake kulikuwa na doa pana jekundu linaloelekea weusi.

Sisi watu wa Kigoma tunalijua doa lile. Liko kwenye vitambaa vya meza, kwenye mashati ya watoto, kwenye kuta za majiko. Sikuhitaji hata kunusa.

"Umepaka mawese."

Akamtazama mkewe, haraka, halafu akanitazama mimi.

"Ndiyo, kaka. Samli iliisha. Nisamehe."

"Nilikuandikia! Ulisaini! Na umeikalia upande kama mlevi wa kilabuni. Mwaka mzima wangu umeuharibu kwa mawese!"

Nilisema mengi zaidi, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Nilisema ndiyo maana hakusoma. Majirani walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakiangalia chini. Mwishowe nikatamka hukumu: mapatano yamevunjika, naondoka na siti na baiskeli. Mkewe akafungua mdomo. Mdogo wangu akamgusa mkono, naye akaufunga. Akaisukuma baiskeli mwenyewe mpaka barabarani, akichechemea, akasaidia kuipandisha juu ya basi, na akaifunga kamba vizuri isije ikachubuka rangi.

Kasulu nikaipeleka siti kwa fundi, bado nimefura. Nikamwambia angalia nilichofanyiwa, mawese. Fundi akaigeuza kwenye mwanga. Akachovya kitambaa majini, akapangusa doa. Kitambaa kikawa chekundu, chenye weusi.

"Mwalimu," alisema, "mawese hayatoki kwa maji matupu."

Akabonyeza shimo la kushoto kwa dole gumba, kisha akapitisha kiganja upande wa kulia.

"Huyu mtu alikuwa na donda hapa. Donda bichi. Alikuwa akilikwepa kwa kukaa huku. Na si siku mbili wala tatu."

Nilielewa palepale. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu kuna watu huandika kwamba walichelewa kuelewa. Nilimwona mdogo wangu amesimama mlangoni na sahani, nikamwona mkewe kando ya ndoo. Nilielewa, na neno lililonitoka kinywani ni hili:

"Itanyooka?"

"Nini?"

"Siti. Ukiilowesha, itanyooka?"

Fundi akakikunja kile kitambaa. Akanipa siti mkononi bila kuifunga.

"Katafute fundi mwingine."

Niliifunga mwenyewe kwenye baiskeli ya baba. Niliiendesha Januari yote na Februari, nikijiambia nitaenda kijijini mitihani ikiisha, kisha mvua ikipungua. Haya yalikuwa majina tu ya woga. Kumtembelea kulimaanisha kumrudishia, na kumrudishia kulimaanisha kukubali. Machi mkewe akanipigia simu kutoka hospitali Kibondo. Hakunisalimia. Alisema wodi, akasema kitanda, akakata.

Nilipanda basi na baiskeli ya baba juu yake. Mdogo wangu alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye shuka, amekonda. Walikuwa wameshampasua mara mbili kwa sababu usaha ulifika kwenye mfupa. Daktari alikuwa kijana mpole, akaniuliza kama mgonjwa ana kaka. Nikamwambia ndiye mimi. Akaniambia lilianza kama jipu la kawaida, na kwamba angeacha kuendesha mwezi wa sita tu, leo lisingekuwa jambo la kuzungumza. Hakujua anachonifanyia. Alidhani ananieleza ugonjwa.

Nje, mkewe aliiona baiskeli imeegemea ukuta wa wodi.

"Umeileta ikaliwe na nani, shemeji?"

Nilikaa Kibondo siku sita. Siku ya tano alianza kusimama, akashika bega langu tukatoka hadi barazani. Akaizunguka baiskeli, akabonyeza tairi, akazungusha pedeli na kuisikiliza kama alivyokuwa akifanya zamani, baba akiwa hai, kila nilipokuja likizo. Kisha akaomba spana. Niliiazima kwa mtu wa pikipiki getini. Akalegeza nati mwenyewe, jasho linamtoka, akaikataa mikono yangu. Siti ikachomoka. Akaipangusa kwa kiganja, akanikabidhi.

"Mwaka niliumaliza, kaka. Siti yako. Baiskeli yangu."

"Kwa nini ulisema ni mawese?"

"Ningesema donda, ungenionea huruma?" Aliuliza bila kejeli, kama anayetaka kweli kujua. "Ungeichukua ukampa mwenye makalio mazima. Nami mwaka nilikuwa nimeshaumaliza."

Ndivyo ningefanya. Alinijua vizuri kuliko nilivyojijua, na akavuja damu kwa hesabu ya jinsi anavyonijua.

Baiskeli anayo. Haiendeshi, hawezi tena kukalia kitu kigumu, na mguu wa kulia anauburuta. Anaisukuma kwa miguu hadi soko la Kibondo, bomba la siti limesimama tupu, na kwa kuwa hakuna anayekaa amepata nafasi ya kufunga mkungu mmoja zaidi. Mkewe anasukuma nyuma kwenye vilima. Nimempelekea siti nyingine mara mbili, za sponji nene. Amewagawia watu.

Ile ya ngozi ninayo mimi. Ningeitupa wapi? Wiki za kwanza ilinipinda kiuno, lakini mifupa yetu ni ileile, nami nimejifunza kuegemea kushoto kama yeye. Haiumi. Nitasema kweli, ndiyo siti nzuri kuliko zote nilizowahi kukalia, na kuna asubuhi nikiwa juu yake kwenye mteremko namchukia mdogo wangu kwa kusema ni mawese, na siku hiyohiyo jioni najichukia mimi.

Krismasi tunakutana kijijini. Vigoda vinatosha watu wote, yeye anakula amesimama mlangoni, sahani juu ya kiganja, akiwachekesha watoto. Hakuna anayemwambia kaa.

Mimi siku hizi nafundisha nikiwa nimekaa. Wanafunzi wanadhani nimekuwa mpole.