Nati ya Gurudumu la Mbele

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipohama kwetu Ntobeye kwenda kuishi na dada yangu Nyakanazi. Dada alikuwa na kibanda cha chakula karibu na pale malori yanapoegeshwa, na alihitaji mtu wa kumenya ndizi, kuchambua mchele na kuosha vyombo, yaani zile kazi ambazo mtu anazimaliza akiwa ameketi. Kuketi ndiko ninakokujua. Miguu yangu iliishiwa nguvu kabla sijaanza shule, baada ya homa moja ambayo mama hapendi kuizungumzia mpaka leo.

Nilikuja na baiskeli yangu ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa kuzungusha pedeli kwa mikono. Nilipewa ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine, rangi imebanduka, kiti kimeshonwa upya kwa kipande cha turubai. Kwangu ilikuwa miguu. Lakini ilikuwa inalegea. Kila baada ya siku chache kitu kilidondoka, leo nati ya kiti, kesho ya kikinga tope. Fundi baiskeli wa pale jirani alikuwa na kopo la nati zilizochanganyika. Alichomoa iliyokaribiana na ile iliyopotea, akaizungusha, na ikigoma aliilazimisha kwa spana na kuisindikiza kwa nyundo mpaka ikakubali. Nilimshukuru kila mara. Sikujua kwamba kila nati ya kulazimishwa ilikuwa inakula mistari ya bolti, ile mistari ambayo nati huishika inapopanda.

Nililijua hilo nikiwa Ngara mjini. Nilikuwa nimekwenda kufuatilia kitambulisho kwenye ofisi za wilaya, baiskeli imefungwa juu ya basi. Mji ule umekaa juu ya kilima, kwa hiyo ukitoka maofisini kurudi stendi unateremka. Nilikuwa nimefurahi, karatasi yangu iko kifuani, mkono kwenye breki. Nikahisi usukani unatetemeka. Kisha gurudumu la mbele likachomoka, likanitangulia peke yake barabarani kama lina haraka, nami nikaenda chini kwa kifundo cha mkono na shavu.

Kijana wa bodaboda alitupa pikipiki yake pembeni akanikimbilia. "Dada, pole sana! Usisimame kwanza, usisimame!"

"Kaka," nikamwambia, mdomo umejaa vumbi, "hata ungeniruhusu nisingesimama."

Alinitazama miguu, akashika kichwa kwa aibu, halafu tukacheka wote wawili, mimi huku natokwa na machozi. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni wakaweka vikapu chini wakanisaidia kuitafuta nati mtaroni. Ilipopatikana, yule kijana aliichungulia, akaingiza ncha ya kidole ndani.

"Hii haina mistari tena," akasema. "Imekuwa pete."

Alifunga gurudumu kwa mpira wa tyubu akanisukuma mpaka stendi. Kifundo cha mkono kilivimba lakini hakikuvunjika. Kilichovunjika ni kitu kingine. Nilipofika Nyakanazi niliiegesha baiskeli nyuma ya kibanda na sikuipanda tena. Dada alipika, mimi nikamenya. Jumapili aliponiambia twende kanisani nilisema mkono unauma. Uliacha kuuma, nikaendelea kusema unauma. Dada hakubishana nami, ila siku moja nilimwona ameifunika baiskeli kwa gunia ili mvua isiiharibu, nikajifanya sijaona.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya lori lililoharibika. Dereva wake alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, Kiswahili chake laini cha watu wa mbali. Alikuwa anasubiri kipuri kiletwe, na kwa siku nne alikula kwetu asubuhi na mchana. Nilichokiona ni kwamba lori halikuwa likienda popote, lakini kila asubuhi alilizunguka na nyundo ndogo, akigonga nati za magurudumu moja moja huku ameinamisha kichwa.

Siku ya pili nilishindwa kuvumilia. "Shikamoo baba. Hiyo rori imeharibika injini, mbona unagonga magurudumu?"

"Marahaba. Lori," akanisahihisha kwa upole, maana sisi wa huku r na l hutupiga chenga. "Nagonga kwa sababu nimezoea. Njoo usikilize."

"Siwezi kuja."

Hakuuliza kwa nini. Alikuja akabeba kiti changu na mimi juu yake, akisaidiana na dada, wakaniweka karibu na tairi. Akagonga nati moja, ikalia kama kengele ndogo. Akagonga ya pili, ya tatu. Kisha akachukua spana akailegeza moja kidogo tu, akaigonga. Sauti ilikuwa nzito, imekufa.

"Umesikia? Iliyokaza inalia. Iliyolegea inanung'unika. Nati haidondoki ghafla, binti. Inasema siku nyingi kabla."

Hapo nikamweleza habari ya kilima cha Ngara. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza baiskeli iko wapi, akaenda kuivua gunia. Aliikagua kwa muda mrefu huku akiguna.

Mchana huo alimwaga nati zake juu ya sinia la dada. Nilikuwa nadhani nati ni nati. Akanionyesha ile ya kawaida ya pembe sita, kisha nyembamba kuliko hiyo, akasema mahali penye mtikisiko unafunga ya kwanza, unaishika isigeuke, halafu unaikandamizia ya pili juu yake, zinabanana zenyewe kwa zenyewe. Kulikuwa na nati yenye masikio mawili, ya kufunguliwa kwa vidole, inayofaa kwa kitu unachokifungua kila siku na siyo kwa gurudumu. Nyingine ilikuwa na meno juu kama taji. Hiyo, alisema, iko kwenye usukani wa lori, na pini inapita katikati ya meno yake na kupindwa, ili hata ikitaka kugeuka isiweze. Nati za magurudumu zilikuwa nene, upande mmoja umechongoka, na upande huo lazima utazame rimu ili gurudumu likae katikati. Na kwenye malori mengine ya zamani, nati za upande wa kushoto hufungwa kinyume. Mtu asiyejua hujitundika kwenye spana kwa nguvu zake zote, akidhani anafungua kumbe anakaza.

Niliyoipenda zaidi ilikuwa na duara la plastiki ndani, mdomoni. Nilipoizungusha kwenye bolti ilipanda kwa raha, halafu ikafika kwenye plastiki ikawa nzito mkononi.

"Hiyo inakaa pale unapoiacha," dereva akasema. "Hata usipoikaza sana. Lakini usiiweke karibu na moto, na usiirudie rudie, plastiki inachoka."

Siku ya nne kipuri kilifika. Nilidhani atanifungia gurudumu langu kabla hajaondoka. Alikuwa ameshapata ekseli mpya ya gurudumu la mbele, maana ile ya zamani mistari yake ilikuwa imelika pande zote, na nati zinazolingana nayo. Aliviweka vyote mapajani kwangu pamoja na spana mbili.

"Fanya wewe," akasema.

"Baba, mimi sijui."

"Mimi naondoka leo. Wewe ndiye unayebaki na baiskeli. Anza kwa vidole. Nati ya kweli ya bolti ile inapanda kwa vidole bila ugomvi. Ikigoma mwanzoni, usiilazimishe, irudishe nyuma uanze tena."

Ilinichukua karibu asubuhi nzima. Mara ya kwanza nilisahau washa, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati, nikafungua. Mara ya pili nilikaza upande mmoja kuliko mwingine, gurudumu likakaa mshazari, dada akacheka kutoka jikoni. Mara ya tatu lilizunguka katikati bila kugusa popote. Dereva akanipa nyundo ndogo. Niligonga nati, ikalia. Nilipanda nikazunguka uwanja wa malori mara mbili, dada amesimama na mwiko mkononi akipiga vigelegele, na madereva nisiowajua wakapiga honi.

Yule mzee hakupita tena kwetu, au alipita asisimame. Spana aliziacha.

Nilianza kwa kutengeneza vitu vya dada, kisha toroli la mchota maji, kisha baiskeli za watu. Fundi wa jirani alininunia kwa muda, halafu akaanza kuniletea zile kazi za kuchambua kopo lake, kupanga nati kwa ukubwa, kwa sababu nilikuwa na subira na yeye hakuwa nayo. Sasa tunafanya kazi chini ya bati moja.

Kabla ya kahawa kuiva mwaka huu nilikwenda Ntobeye kumsalimu mama. Aliniambia kuwa mwalimu aliyenifundisha katekisimu utotoni amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na anashinda ndani. Nilikwenda kwake na mama, tukamkuta amekaa kitandani, dirisha wazi, mwanawe wa kiume akiwa uani. Kiti cha magurudumu alichopewa kilikuwa pembeni, kuku ametagia juu yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa miguu yako ya chuma." Kisha akaonyesha kiti kwa kidevu. "Hicho kinanitupa. Kinapiga kona chenyewe."

Gurudumu dogo la mbele lilikuwa limefungwa kwa waya. Mtu alikuwa amejaribu nati ya kawaida kwanza: aliikaza sana gurudumu likakataa kugeuka, akailegeza ikadondoka, akaishia kwenye waya. Nilitoa mayai, nikakata waya, nikachukua nati yenye plastiki mdomoni kwenye mfuko wangu. Nikaikaza hadi gurudumu lilipoacha kucheza, nikairudisha nyuma kidogo sana. Likawa linageuka kwa kidole, na nati haikusogea.

Mwalimu alikuwa ananitazama kama alivyonitazama nikisoma sala kwa kichwa. "Na hiyo spana inayopanuka na kufumba, inaitwaje?"

Mafundi wote wanaiita spana malaya. "Ni spana ya kurekebisha, mwalimu," nikasema, nikainama kutafuta kitu ambacho hakikuwapo chini.

Mwanawe na mama walimkalisha kwenye kiti. Nilitegemea aseme apelekwe kanisani, au kwa jirani. Alishika mikono ya kiti, akasogea mbele, akasogea nyuma, akakata kona moja mlangoni.

"Nipelekeni kwenye kahawa yangu," akasema.

Shamba liko nyuma ya nyumba, njia imekanyagwa vizuri. Mwanawe alisukuma, mimi nikafuata kwa baiskeli nikitazama lile gurudumu dogo kwenye kila jiwe. Mwalimu alikuwa hajaiona mibuni yake tangu alipokwenda hospitali. Alinyoosha mkono akashika tawi la kwanza, akalipekua majani. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nani aliyepogolea hapa? Au ndiyo kusema hakuna aliyepogolea? Tazama maotea haya yalivyochipua shinani! Lete panga."

Mwanawe akaenda mbio kufuata panga. Mwalimu akajisukuma mwenyewe hadi kwenye mbuni uliofuata, akaanza kuhesabu kwa sauti matawi ya kuondolewa.