Mama na Ungo Wake

Juzi mjukuu wangu alinipiga picha kwa simu nikimenya mihogo, kanga imechakaa, kichwa wazi. Nikamfokea, "Ngoja kwanza nivae!" Hayo yalikuwa maneno ya mama.

Nilipokuwa mtoto tuliishi kijiji cha ujamaa huko Korogwe. Mjapani aliyekuja kufundisha kilimo cha mpunga alipenda sana kupiga picha. Alasiri ile uwanja ulinuka pumba na moshi. Mama alikuwa akipeta mpunga, ungo ukilia cha-cha-cha, mgeni akamwelekezea kamera.

"Wewe mgeni, huna haya? Ngoja kwanza nivae!"

Yule bwana akacheka kwa aibu, akatuonyesha picha alizopiga kwao: wazee wakinywa chai, watoto wakikimbia kwenye mvua, na mama yake mzazi ndani ya jaruba la mpunga, tope hadi magotini. Nilimhurumia mno. Nilidhani mama yake hana nguo nyingine, nikakimbia ndani kuchukua kanga ya Idi ya mama yangu, nikampa mgeni ampelekee. Nilichapwa nikakoma.

Kesho yake mama alijifunga kanga ileile, akakaa kitini na kununa kama yuko mbele ya hakimu. Ndipo akakubali kupigwa picha. Hatuna picha yake nyingine.

Mjukuu wangu huiangalia na kuuliza, "Bibi, huyu nani?"

"Mama yangu," humjibu kwa hasira. Lakini mwanamke huyo hata mimi simjui. Mama yangu alikuwa na pumba kwenye nywele.